Mjane wa Jimbo Lililofutwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Nimefungua duka kama kawaida. Wateja wawili, mmoja alitaka kukaziwa skrubu ya miwani tu.

Jumatano, 5 Machi

Binti yangu, aliye masomoni mbali, kila akipiga simu ananiambia: "Mama, kama kusema kunakushinda, andika." Basi naandika.

Mume wangu alifariki Januari. Jimbo lake la ubunge likafutwa Februari. Watu wanaingia dukani, wanakung'uta miavuli mlangoni, wananipa pole kwa yote mawili kwa pumzi moja, nami nawaitikia asante kwa yote mawili. Kisha nawauliza kama shida yao ni kusoma au ni kuona mbali.

Fundi hasemi pole. Ni mwanamke wa makamo anayesaga lenzi chumba cha nyuma tangu duka lilipofunguliwa. Anazima mashine, ananiwekea chai, anarudi kwenye mashine. Namshukuru kwa hilo. Au tuseme najua kwamba inafaa nimshukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja nyumbani mchana. Ni mdogo wa marehemu, muuza saruji na nondo, mtu mwenye kifua kama mlango na sauti ya kufaa soko zima. Uchaguzi mkuu ni mwisho wa Mei, naye ameamua kugombea upande wetu. Tume ya mipaka imelikata jimbo la kaka yake katikati, kwa kufuata barabara kuu: upande wetu umeunganishwa na jimbo la mlimani, upande wa pili na jimbo la bondeni.

"Shemeji, sikuombi useme neno," aliniambia. "Ukae tu jukwaani. Watu wakikuona wewe, wanamwona kaka."

Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu. Wiki iliyopita nilisema sawa kwa mtu aliyetaka kuniuzia mlango, na mlango ninao.

Jumatano, 12 Machi

Gazeti limetoa ukurasa mzima wa historia ya jimbo letu. Chaguzi zote zimepangwa kwenye jedwali: jina, chama, kura, asilimia. Nimelisoma kama ninavyosoma bili ya maji. Halina kosa, ila halina watu.

Mstari wa kwanza unasema, "Alipita bila kupingwa." Huyo alikuwa Mkandarasi, aliyejenga nusu ya nyumba za wafanyakazi wa viwandani. Jimbo lilikuwa jipya, viwanda vinatoa moshi mchana kutwa, na watu walikuwa wengi kiasi kwamba foleni ya bomba ilikuwa na wasuluhishi wake. Akapita bila kupingwa na mara ya pili. Mama mkwe wangu alikuwa akisema sanduku la kura la kwetu linafaa kutagia kuku.

Mara ya tatu akajitokeza Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi. Wapiga kura karibu wote alikuwa amewafundisha yeye. Aliwaambia, "Niliwafundisha kuandika kurasa na kurasa. Leo naomba alama moja tu." Wakampa. Alikaa vipindi viwili hadi sauti ikamwishia.

Ndipo akaja mume wangu. Alikuwa fundi wa mabomba idara ya maji, na hakukuwa na jiko la mtaa huu ambalo hajawahi kulala chini ya sinki lake. Aliyeshindana naye alikuwa mchapaji, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji ng'ambo ya barabara, mtu mwembamba, mbishi hadi kwa saa ya ukutani. Mume wangu alimshinda kwa kura tisa. Tangu siku hiyo wakamwita Kura Tisa, hata alipokuja kushinda kwa maelfu. Mchapaji alipeleka pingamizi mahakamani, naye wakambatiza Pingamizi. Kesi ilichukua muda hadi binti yangu, aliyekuwa tumboni, akazaliwa na kuanza kusema. Neno lake la tatu lilikuwa "rufaa". Mahakama ikafuta matokeo, uchaguzi ukarudiwa, Pingamizi akashinda. Mume wangu alikaa nyumbani miezi akitazama ukuta. Kisha akalirudisha jimbo, na mara mbili nyingine akalitetea, na kila mara Pingamizi akaenda mahakamani na kurudi mikono mitupu.

Wakati wao wanagombana, viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja. Nyumba za wafanyakazi zikawa maghala, maghala yakawa ofisi za watu wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni, na mtu hupiga kura anakolala. Kila uchaguzi jumla ya kura ilikuwa imepungua, kama sabuni. Wale wawili waling'ang'ania jimbo hilo huku likiwaishia mikononi.

Miaka yote hiyo sikuwahi kusalimiana na Pingamizi. Nikisimama mlangoni namwona akipandisha mlango wake wa chuma. Nilimchukia kwa sababu ilikuwa kazi mojawapo ya nyumbani, kama kufagia.

Jumatatu, 17 Machi

Mwenye duka la vitambaa alikuja kuchukua miwani yake. Akaijaribu, akaivua, akaniinamia. "Dada, eti yale maji ni kweli?"

Nikamuuliza maji gani, ingawa nilijua. Mwezi Januari tume ilifanya kikao cha wananchi kwenye ukumbi wa manispaa, kusikiliza wanaopinga jimbo kufutwa. Kwa mara ya kwanza maishani, mume wangu na Pingamizi walikaa upande mmoja. Mume wangu alisema kwa muda mrefu, akakaa, akanywa maji kwenye chupa ya Pingamizi, akaanguka. Mimi nilikuwa hapa dukani, nabadilisha pedi za pua za miwani ya mtu. Sasa mtaani maji yale yamekuwa sumu.

"Sijui," nilimjibu, nikamfungia miwani.

Ninajua. Ulikuwa moyo. Daktari alimkataza majukwaa miaka mitano iliyopita. Hakutaka mtu ajue. "Mgombea mgonjwa ni mgombea aliyekwisha kuzikwa," aliniambia. "Nipe neno lako." Nikampa. Tulikuwa watu watatu tunaojua: yeye, mimi, na shemeji, aliyekuwa akimpeleka hospitali ya mji mwingine kwa lori la saruji ili watu wadhani wamefuata mzigo.

Alhamisi, 20 Machi

Mtaro umefurika. Fundi ameweka magunia ya mchanga mlangoni.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekaa jukwaani kwa mara ya kwanza. Nilivaa nguo niliyomzikia. Shemeji alisema, "Ndugu yangu alikwenda ukumbini kwa miguu yake, akarudi amebebwa. Mengine mnayajua." Watu wakanguruma. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa, nikawa nafikiria viatu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Miwani ya kusomea, mitatu.

Jumamosi, 29 Machi

Jukwaani tena. Maneno yale yale. Amebebwa, mengine mnayajua. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Ng'ambo huko wanajua zaidi." Shemeji alinyamaza kidogo, kwa muda wa kutosha watu wote kugeuza shingo kutazama ng'ambo.

Jumamosi, 5 Aprili

Imekuwa kama wimbo. Shemeji akisema "mengine", watu wanamalizia "tunayajua". Nilikuwa katikati, kiti cha heshima, mikono mapajani. Mama mmoja alinipungia mkono, nami nikampungia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekuta vipande vya kioo barabarani. Jana watu walipita wakiimba, wakalirushia mawe dirisha la uchapaji. Pingamizi alikuwa ndani anafunga karatasi zisilowe. Fundi ndiye aliyenieleza. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikamuuliza kama lenzi za mteja wa jana zimekuwa tayari. Akanitazama sana.

Jumanne, 8 Aprili

Kengele ya mlango ililia, nikainua kichwa, ni yeye. Bandeji juu ya nyusi, koti limelowa mabega, miwani mkononi. Kioo kimoja hakipo.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri. Karibu."

"Nilikwenda kwa yule wa miwani wa mtaa wa nyuma. Amesema mashine yake imeharibika. Nilikuwa naisikia inafanya kazi." Akaweka miwani mezani. "Ukinifukuza, nitaelewa."

Fundi alizima mashine. Duka likawa kimya, mvua tu kwenye bati. Nikamwonyesha kiti cha chumba cha kupimia. "Kaa. Weka kidevu hapo."

Sijawahi kumwona kwa karibu vile. Ana makovu ya tetekuwanga kwenye shavu. Nikaziba jicho la kushoto, nikaweka lenzi.

"Mstari wa tatu."

Akasoma.

"Wa nne."

Akasoma, akakosea herufi mbili. Kisha akasema, bado kidevu kikiwa kwenye kishikio, "Nilitaka kuja kuzika. Nikatumiwa ujumbe nisithubutu."

"Na nani?"

"Shemeji yako."

"Hii ni bora, au ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza. Mama, yale maji aliniomba. Nilikuwa nimeshakunywa nusu chupa. Akaniambia, 'Nipe maji, bwana, koo limekauka kwa kukutetea wewe.' Nikampa. Akanywa, akanirudishia, nami nikanywa tena. Akaniuliza, 'Unadhani wametusikia?' Nikamwambia wametusikia, ila hawatatufuata. Akacheka. Alianguka bado anacheka. Kichwa chake kikaja hapa." Akagusa bega lake.

Nikaandika namba za jicho la kulia. Nikaziba la kulia, nikapima la kushoto, nikaandika na zake. Mkono wangu ulikuwa shwari kabisa. Nilijua kwamba nimeelezwa jambo ambalo mke wa mtu angelilia, na nililitazama jambo hilo kama ninavyotazama fremu iliyoko kwenye kabati la kioo, nzuri, ya mtu mwingine.

"Njoo Alhamisi," nikasema.

Mlangoni akageuka. "Miaka yote hii sijui nikuiteje. Nikisema mama mheshimiwa, najicheka mwenyewe."

"Niite utakavyo."

"Basi nitakuita shemeji. Nimegombana na mumeo kuliko ndugu wengi wanavyogombana."

Alipovuka barabara, Fundi alisimama nyuma yangu. "Hukumuuliza kidonda chake kinaendeleaje," alisema.

"Sikumuuliza."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mashine.

Alhamisi, 10 Aprili

Pingamizi amechukua miwani. Inamkaa vizuri. Kidonda kinapona, safari hii nilimuuliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilikwenda kwa shemeji, kwenye ghala la saruji. Alikuwa juu ya magunia, anahesabu. Akashuka, akajipangusa vumbi, akanitolea kiti.

"Waambie watu kuhusu moyo wake," nilimwambia.

"Shemeji, mimi sijasema neno sumu. Nionyeshe nilipolitamka."

"Unasema 'mengine mnayajua'."

"Ndivyo. Kila mtu ana mengine yake." Kisha akapunguza sauti, na sauti yake ikipungua inafanana na ya kaka yake. "Wewe nawe ulijua. Mbona umekaa jukwaani mara tatu, hukusema?"

Niliinuka kwenda zangu. Akanisindikiza hadi barabarani kwa mwavuli wake, akanishikia upande mkavu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda jukwaani nimeshaamua. Nilikaa, nikasikia "mengine", nikasikia "tunayajua". Sikusimama. Miguu haikukataa, wala sikuogopa. Ni kama kusubiri mtu mwingine ndani yangu aanze, naye hakuanza.

Jumanne, 15 Aprili

Wameandika MUUAJI kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa chuma wa uchapaji. Mke wa Pingamizi amehamia kwa dada yake. Fundi anasema alipanda gari akiwa amejifunika uso kwa mtandio, kama yeye ndiye aliyefanya kosa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kutwa. Neno lile linasomeka kutoka kwenye kiti changu bila miwani.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa.

Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, kwa sababu mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Shemeji alifika kwenye yale maneno yake, watu wakamalizia, na safari hii, labda kwa kuwa alikuwa amechangamka, akanigeukia na kipaza sauti. "Mama yenu yuko hapa. Wasalimie tu, shemeji."

Nikasimama. Nikasema hamjambo. Wakaitikia kwa kishindo.

"Mume wangu alikuwa mgonjwa wa moyo," nikasema. "Miaka mitano. Daktari alimkataza majukwaa, hakusikia. Nilimpa neno langu kwamba nitanyamaza, nikanyamaza. Yale maji aliyaomba mwenyewe, na aliyempa aliyanywa kabla yake na baada yake. Hakuna aliyemuua. Shemeji yangu huyu anajua. Ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali."

Sauti yangu ilitoka kwenye spika za mbali nikiwa nimeshamaliza kila neno, kama kuna mtu kule ananiigiza. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea. Shemeji alikichukua kipaza sauti kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepokea mtoto mchanga.

"Majonzi, ndugu zangu," akasema. "Majonzi ni mzigo. Mama yetu hajalala vizuri tangu Januari. Tumwombee."

Watu wakasema ndiyo. Walisema kwa huruma, na ndilo lililonishangaza, kwamba walinihurumia kweli. Muziki ukawashwa. Nikashuka ngazi peke yangu. Fundi alikuwa chini, amefungua mwavuli ingawa mvua haikuwapo.

"Umesema," akaniambia.

"Hawakusikia."

"Mimi nimesikia. Twende, una tope mpaka magotini."

Jumapili, 20 Aprili

Binti yangu amepiga.

"Nimeona video, mama."

"Ndiyo."

"Miaka mitano?"

"Ndiyo."

"Nikija likizo alikuwa anashindana nami kupanda ngazi. Na wewe umesimama chini unatazama."

"Ndiyo."

"Hata mimi, mama? Hata mimi sikustahili kujua?"

"Alichukua neno langu, mwanangu."

"Na langu? Maneno niliyokuwa nayo ya kumwambia nimpelekee nani?"

Akakata. Nikashusha mapazia ya sebuleni, nikayafua. Hayakuwa machafu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimesikia kwamba nimenunuliwa na Pingamizi. Mwingine anasema nina wazimu kidogo. Mwenye duka la vitambaa amepita mlangoni bila kuingia. Dada wa marehemu, wifi yangu, ametuma ujumbe kwamba nimemvua ndugu yao nguo mbele za watu. Mteja mmoja, naye ni mpita njia.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo Fundi alitoka na kopo la petroli na matambara, akavuka barabara katikati ya kazi, bila kuniaga. Nilimwona akianza na herufi ya kwanza. Nikatundika kibao cha "Tumefunga", nikavuka. Rangi ilikuwa imeshika. Tuliisugua hadi vidole vikaungua. Pingamizi alitoka ndani akatukuta. Hakusema asante. Alileta ngazi, kwa kuwa sisi sote wawili ni wafupi, akaishikilia.

Tulipofikia katikati, mwenye duka la vitambaa alikuja akasimama kando yetu na mkoba wake. "Mpaka leo hamjapata tambara la maana?" akasema. Akarudi dukani kwake akaleta mabaki ya pamba. Hakugusa mlango, alitupatia tu yale mabaki. Lakini aliyaleta mchana, watu wakiona.

Neno halijatoka lote. Limebaki kama doa la waridi.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Binti yangu hakupiga.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Hakupiga.

Jumamosi, 10 Mei

Shemeji hanialiki tena jukwaani. Nasikia ameacha yale maneno, sasa anazungumzia taa za barabarani. Fundi anasema ameyaacha kwa sababu safari moja alisema "mengine", na mtu akamalizia, "Ya moyo." Watu wakacheka. Katika siasa, Fundi anasema, kuchekwa ni mwanzo wa kuzikwa.

Jumapili, 11 Mei

Binti yangu amepiga. Tuliongea habari za mitihani yake. Mwishoni akauliza, "Alikuwa anaumia?" Nikamwambia ukweli: wakati mwingine, alfajiri, alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda akishika godoro. "Asante," akasema, kama ninavyowaitikia wateja.

Alhamisi, 22 Mei

Manyunyu. Mvua inachoka.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya uchaguzi. Kituo chetu ni shule ya msingi ya upande huu. Cha wenzetu ni lile jengo la zamani la ushirika, mkabala kabisa. Kwa hiyo foleni zilikuwa mbili, moja kila upande wa barabara, tukitazamana, magari yanapita katikati. Ni watu wale wale waliokuwa wakipanga foleni moja tangu enzi za Mkandarasi. Mzee mmoja wa upande wetu akapaza sauti: "Nyie wa ng'ambo, mnachagua rais wa nchi gani huko?" Wakajibu: "Ya wenye akili." Kicheko kikavuka barabara.

Pingamizi alikuwa kwenye foleni ya kule, na miwani yake. Safari hii hakugombea. Alisimama na mikono yake ameiweka mifukoni, halafu nyuma, halafu kifuani, kama mtu aliyevaa nguo za kuazima.

Nilipiga kura. Nilimpa nani ni siri yangu na karatasi.

Jumatatu, 2 Juni

Redio imesoma matokeo. Kwetu ameshinda mkunga mmoja kutoka mlimani, ambaye mitaa hii haijawahi hata kumwona. Shemeji amekuwa wa tatu. Fundi alikaa na karatasi akajumlisha: masanduku ya mitaa yetu yote, hata yangekuwa yake kura kwa kura, yasingemfikisha. Kwa mlimani sisi ni tone. Mawe yale, rangi ile, kiti changu cha heshima, vyote havikuwa na uzito hata wa kubadili matokeo.

Jumanne, 3 Juni

Shemeji alikuja dukani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yamepanda juu.

"Nimeshindwa," alisema.

"Nimesikia."

Akachukua fremu moja, akaifungua, akaifunga. "Nilipokuwa nampeleka hospitali, njiani alikuwa anaimba. Nyimbo za kampeni. Anakohoa, anaimba. Nikamwambia kaka pumzika, ananiambia niendeshe." Akairudisha fremu. "Baada ya kumzika nikaona nikisimama pale pale alipokuwa akisimama, labda haitakuwa imekwisha. Wakitaka sumu, wapewe sumu. Ilikuwa rahisi kuliko moyo. Ukiwa moyo, basi mimi nilijua, na mimi ndiye niliyekuwa nashika usukani."

Sikujua hilo. Kwa muda wote nilimwona kama mtu anayemuuza kaka yake. Nilimwekea chai. Sikumsamehe, na sina hakika ni mimi wa kumsamehe.

"Nenda ng'ambo," nikamwambia.

"Si leo."

"Si leo. Lakini nenda."

Akatazama nje. "Barabara ina magari mengi," akasema. Akanywa chai yake yote.

Jumamosi, 7 Juni

Binti yangu amefika jioni na begi moja. Amekonda. Tulikumbatiana mlangoni, kisha tukaangaliana kama watu waliotambulishwa juzi. Jua limewaka siku nzima.

Jumapili, 8 Juni

Tulikwenda makaburini watatu: mimi, binti yangu, na Pingamizi. Yeye ndiye aliyeomba. Alikuwa hajawahi kufika. Alivaa koti lile lile, akasimama kaburini muda mfupi sana, akainamisha kichwa, kisha akasogea pembeni akawa anasoma makaburi ya watu wengine, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Nilielewa kwamba anatupisha.

Binti yangu alichuchumaa, akang'oa majani yaliyoota na mvua. Alikuwa anayang'oa kwa nguvu, na udongo. "Nilikuwa namshinda," alisema bila kuinua kichwa. "Kwenye ngazi. Nikidhani yeye ndiye anayeniachia mimi."

Nilifungua mdomo nimtulize. Badala yake nikasikia nazungumza na marehemu, kwa sauti ile ya mezani ya kumwambia chumvi imezidi.

"Hukututendea haki," nikamwambia. "Ulichukua mdomo wangu ukaenda nao. Ukamwachia ndugu yako lori, ukamwachia yule bwana chupa ya maji, ukaniachia mimi huyu mtoto nimweleze. Kwa ajili ya jimbo. Liko wapi?"

Binti yangu aliacha kung'oa. "Kumbe na wewe umekasirika," akasema.

"Nimekasirika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa sijui."

Akanishika mkono, wa kwake umejaa udongo. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, kama mguu uliokufa ganzi unapozinduka: kwanza wadudu wanaotembea, kisha sindano, kisha moto. Ilikuwa inauma. Niliiacha iume.